Usimwambie wifi yako kwamba umemsamehe

*Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Njombe. Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa mdogo wangu, wa kiume, miaka minne. Usiku ule baridi ilikuwa kali, mama yao akawawekea watoto jiko la mkaa chumbani, dirisha likafungwa, yeye akalala chumba kingine na kichanga. Kulipokucha mtoto alikuwa ameshafariki. Dada yake wa miaka saba alikutwa hajitambui, hospitali wakamwokoa. Mdogo wangu alikuja kutoka Dar, akazika, akarudi bila kuongea na mkewe. Kule makaburini nilishindwa kujizuia, nikamwambia wifi, "Umemuua mtoto wetu." Mzee mmoja wa kanisa naye alisema kwenye ibada ya faraja kwamba hakuna msiba usio na chanzo, nyumba hii ijichunguze. Jumapili ukoo unakaa kikao. Wengi wanataka wifi arudishwe kwao, na mimi ndiye dada mkubwa, nitaulizwa. Najua Mkristo anatakiwa asamehe. Lakini kusamehe maana yake tujifanye hakufanya kitu?*

*Shangazi wa marehemu*

Marahaba mwanangu. Poleni sana.

Umeuliza habari ya kusamehe, nami nataka kwanza tulitazame hilo kosa. Barua yako inasema wifi aliweka jiko, haisemi aliliwekaje. Nakisia alifanya kama wafanyavyo kina mama wengi wa huko: aliliwasha nje, akapepea, akangoja mkaa ukolee na moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza ndani. Kama ndivyo, alijihadhari na moshi, na hakuna aliyemwambia kuna kitu kingine. Mkaa uliokolea kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikishavutwa hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hakohoi akaamka, anazidi kuzama usingizini. Wifi yako chumba cha pili angesikia nini?

Na wewe umekulia Njombe, Juni na Julai za huko unazijua kuliko mimi. Hebu sema kweli: nyumbani kwenu mlipokuwa wadogo, jiko halikuwahi kulala chumbani?

Sisemi jiko halikuhusika. Jiko ndilo lililomwondoa mtoto, na hilo hakuna haja ya kulificha. Ila kusababisha ni kitu kimoja na kuwa na hatia ni kingine. Yule mama aliona wanawe wanatetemeka, akataka wapate joto. Ukilipeleka jambo hilo mbele za Mungu kama dhambi, sijui utaliita dhambi gani.

Huyo mzee wa kanisa nitamjibu kwa ufupi. (Nimekaa misiba mingi, na watu waliopewa kipaza sauti wakakirudisha mapema nawahesabu kwa vidole.) Maneno yake yamo kwenye Biblia, ni kweli, lakini yamo kinywani mwa Elifazi, mmoja wa rafiki zake Ayubu. Rafiki hao walipofika kwa Ayubu, aliyekuwa amefiwa na wanawe, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hapo walikuwa rafiki kwelikweli. Walipofumbua midomo wakaanza kutafuta chanzo. Bildadi alifika mahali pa kumwambia baba aliyezika watoto kwamba huenda watoto wenyewe walikosa. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia hao waliodhani wanamtetea yeye. Na Yesu alipoletewa habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Akasema hapana, kisha akawageuzia waliomletea habari wajitazame wao.

Sasa tuje kwako. Ulichokisema makaburini kilitoka kwenye uchungu, na Bwana ameshasikia maneno ya aina hiyo. Martha, alipofiwa na kaka yake Lazaro, alimwambia Yesu usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu, dada yake, akaja akarudia yaleyale. Hizo nazo zilikuwa lawama, na zilimwelekea yeye. Hakuwakemea. Kwa Mariamu hata hakujibu, aliuliza wamemlaza wapi, kisha akalia. Kwa hiyo uchungu wako hauna shida kwake. Shida ni kwamba wewe ulimtwisha wifi, na wifi si Mwana wa Mungu. Hataubeba.

Ndiyo maana nakusihi usiende kumwambia, "Nimekusamehe." Najua utaliona neno zuri, la Kikristo. Kwake litakuwa hukumu: shangazi mtu amekaa, amepima, ameona nina hatia, kisha akaniachilia. Wewe ndiye wa kuomba msamaha. Nenda kabla ya Jumapili, usiende na mtu wa kusikiliza, mwambie, "Wifi, maneno yale ya makaburini nisamehe." Akikaa kimya, usimlazimishe kujibu. Shika ndoo, teka maji, mpokee kichanga ili alale saa mbili tatu. Siku ile usimfundishe habari za dirisha. Hizo anazirudia kichwani usiku kucha.

Mtazame pia kwa macho ya dada. Akikwambia hataki tena kuishi, au ukamwona hali wala hamnyonyeshi mtoto, usisubiri maombi ya Ijumaa. Mfikishe hospitali siku hiyohiyo, maombi yatamkuta huko.

Kwenye kikao usihubiri. Waulize swali moja: wifi akirudishwa kwao, yule binti wa miaka saba atalala na nani? Alilala ubavuni mwa mdogo wake, akaamka hospitali peke yake. Ameshampoteza mmoja, na sasa ukoo unajadili kumwondolea mama. Watoto wa umri huo husikia kila kitu kupitia mlangoni, na mara nyingi hudhani wao ndio waliokosa. Mtu amkalishe amwambie wazi kwamba si yeye, na si mama. Nadhani mtu huyo ni wewe.

Habari ya majiko ikatangazwe usharikani, tena kabla ya baridi nyingine, ikiwezekana mhudumu wa afya aje aeleze. Mzungumze na mchungaji isitajwe nyumba ya mtu.

Halafu mpigie mdogo wako simu leo. Amekimbilia kazini kwa sababu kazini hakuna kitanda cha mtoto. Usimwite kwenye kikao, mwite kwake, afike Ijumaa akae na mkewe kabla ukoo haujakaa. Nauli ikimsumbua, mchangieni.