Root anakataliwa kufungua dirisha kwenye Linux

SWALI: Nikiandika `su -` kwenye teminali na kuwa root (akaunti ya msimamizi mkuu), kila programu yenye dirisha inagoma: "cannot open display". Si root ana ruhusa zote? Nifanyeje?

JIBU: Ruhusa za root ni juu ya mfumo wenyewe, yaani faili na programu zinazoendeshwa. Skrini ina bawabu wake, seva ya X (programu inayoonyesha madirisha), naye kwa kawaida humtaka kila anayebisha hodi awe na vitu viwili: anwani ya skrini (`DISPLAY`) na kidakuzi cha siri cha aliyeingia kwenye kompyuta. `su -` hukuanzishia mazingira mapya, hivyo kwa kawaida vyote viwili hupotea.

Soma ujumbe hadi mwisho. Ikiwa baada ya nukta pacha hakuna kitu, anwani haipo. Ukiona `:0` pamoja na "No protocol specified" au "Authorization required", anwani ipo ila kidakuzi ndicho kinachokosekana.

Kwenye teminali ya akaunti yako ya kawaida, si ya root, andika:

`echo $DISPLAY`
`xhost +si:localuser:root`

Amri ya kwanza inakuonyesha anwani; ya pili inamwambia bawabu amruhusu root bila kidakuzi. Kisha upande wa root weka anwani ileile uliyoiona:

`export DISPLAY=:0`

Baadhi ya mashine hutumia `:1`, kwa hiyo usibahatishe. Ruhusa hii hufa ukitoka kwenye kikao. Kuiondoa mapema, rudia amri ya `xhost` kwa alama ya kutoa badala ya kujumlisha. Kwenye Wayland (mfumo mpya wa skrini badala ya X) nayo hufanya kazi, mradi programu inaweza kupitia Xwayland, seva ya X iliyo ndani ya Wayland.

Utakutana na ushauri wa kuandika `xhost +` tupu. Usiufuate. Huo humwondoa bawabu kabisa, na programu yoyote iliyokwisha kuingia kwenye X inaweza kusoma unachochapa kwenye madirisha mengine, nywila zikiwemo.

Unaweza pia kumwelekeza root kwenye kidakuzi chako kwa `export XAUTHORITY=` ikifuatwa na njia ya faili. Mara nyingi ni `.Xauthority` ndani ya folda yako ya nyumbani, lakini GDM (programu ya ukurasa wa kuingia ya GNOME) huiweka chini ya `/run/user`.

Hatari ya kuendesha madirisha kwa `sudo` (amri ya kuendesha programu moja kama root) ni kwamba `.Xauthority` yako inaweza kugeuka mali ya root. Hapo unaandika nywila sahihi na bado unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, kisha:

`sudo chown $USER: ~/.Xauthority`

Na kama shida yako ni kuhariri faili moja tu la mfumo, `sudoedit` ikifuatwa na njia ya faili, kwa mfano `sudoedit /etc/fstab`, inatosha: kihariri huendeshwa kwa akaunti yako juu ya nakala ya muda, na dirisha la root halihitajiki.