Kabla ya kukariri nasaba za China ya kale, jifunze hesabu zao za siku na majina ya wafalme wao

Anayeanza somo hili hupewa orodha: Xia, Shang, Zhou, Qin, Han. Anaikariri, anafanya mtihani, na wiki mbili baadaye imemtoka kichwani. Kosa si lake, maana orodha ile haina pa kushikia. Iweke pembeni kwa siku chache, ujue kwanza watu wale walihesabuje siku na waliwaitaje wafalme wao. Imani yao na siasa zao zimo humo humo.

Chukua karatasi. Andika safu ya majina 10: jia, yi, bing, ding, wu, ji, geng, xin, ren, gui. Chini yake andika safu ya majina 12: zi, chou, yin, mao, chen, si, wu, wei, shen, you, xu, hai. Siku ya kwanza unachukua jina la kwanza la kila safu, unapata jiazi. Ya pili ni yichou. Ukimaliza siku ya 10, safu ya juu inaanza upya wakati ya chini bado inaendelea, kwa hiyo siku ya 11 ni jiaxu na ya 13 ni bingzi. Mzunguko unafunga siku ya 60. Wengi hukisia 120 kwa sababu 10 mara 12 ni 120, lakini safu zote mbili husogea pamoja, hivyo nusu ya michanganyiko haitokei kamwe. Ziandike zote kwa mkono, mistari 6 ya siku 10. Mistari yako ikianza jiazi, jiaxu, jiashen, jiawu, jiachen, jiayin, umepatia. Usiitupe hiyo karatasi.

Sasa nenda Anyang, mkoani Henan, kwenye mji mkuu wa wafalme wa mwisho wa Shang. Huko mfalme hakufanya jambo zito bila kupiga ramli. Walichukua gamba la tumboni la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe, wakausafisha, wakachimba vishimo upande wa nyuma, kisha wakatia moto kwenye vishimo hivyo mpaka upande wa mbele ukapasuka. Ufa ndio uliosomwa. Baadaye maneno yalichongwa kwenye mfupa uleule. Maandishi yaliyokamilika yana sehemu 4: siku na jina la mpiga ramli, jambo linaloulizwa, tafsiri ya mfalme, na yaliyotokea. Mengi hayana sehemu mbili za mwisho. Usidhani kila mara mfupa umevunjika. Mara nyingi hazikuchongwa kabisa.

Tazama mfano mmoja, wa enzi ya mfalme Wu Ding, takriban miaka ya 1200 K.K. Siku ya jiashen, mpiga ramli Que anauliza: Fu Hao, mke wa mfalme, atajifungua salama? Mfalme anasoma ufa na kusema akijifungua siku ya ding itakuwa vema, na siku ya geng itakuwa heri kubwa. Kisha inafuata taarifa: siku ya 31, jiayin, alijifungua, haikuwa vema, alikuwa mtoto wa kike.

Toa karatasi yako. Jiashen ni ya 21, jiayin ni ya 51. Ukitoa unapata 30, lakini mchongaji ameandika 31, kwa sababu siku ya kuanzia nayo ilihesabiwa. Lishike hilo, kwani desturi hiyo ya kuhesabu ilidumu. Ndiyo maana maombolezo ya “miaka 3” kwa mzazi yalihesabiwa kuwa miezi 25: mwaka wa tatu ukishaingia, tayari ni mwaka. Tazama pia kwamba jiayin ni siku ya jia, si ding wala geng, kwa hiyo utabiri wa mfalme haukupingwa. Na neno “haikuwa vema” kwa mtoto wa kike linakuonyesha jamii ile ilimpima mtoto kwa nini.

Kutoka hapo majina ya wafalme yanaanza kusema. Wu Ding, Pan Geng, Di Xin: kila jina lina moja ya yale 10. Ni jina la baada ya kufa, na siku yenye jina hilo ndiyo aliyotolewa tambiko. Fu Hao mwenyewe baada ya kufa aliitwa Mama Xin, na jina hilo limo kwenye vyombo vya kaburi lake. Kaburi hilo lilifukuliwa mwaka 1976 na timu ya mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, likiwa halijaguswa na wezi. Lilikuwa na zaidi ya vitu 400 vya bronzi, zaidi ya vitu 700 vya jade, na kauri karibu 7,000, simbi zilezile za bahari ya joto zinazojulikana kwa watu wa pwani yetu, huko mbali kabisa na bahari. Ndani yake kulikuwa pia na watu 16 waliouawa ili wamfuate. Usiwaruke hao unapoandika juu ya uzuri wa jade.

Tahadhari ya miaka. Mwaka wa kwanza usio na mashaka katika historia ya China ni 841 K.K. Kabla ya hapo andika “takriban”, hata kwa 1046 K.K., mwaka unaotajwa sana Zhou walipowaangusha Shang. Kwa Xia uwe mwangalifu zaidi, kwani hakuna maandishi ya wakati wake yaliyopatikana. Tena hakuna mwaka sifuri: kutoka 202 K.K. hadi 220 B.K., yaani Han nzima, ni miaka 421, ndani yake mkiwa na ukatizo wa Wang Mang, aliyenyakua kiti, wa mwaka 9 hadi 23.

Zhou walijitetea kwa hoja ya idhini ya Mbingu: Mbingu humpa mtawala nchi, na akiharibu humnyang'anya. Wanafunzi huigeuza kuwa haki ya mfalme kutoka kwa Mungu, kama ya Ulaya, wakati uzito wote uko kwenye kunyang'anywa. Mafuriko, kupatwa kwa jua na maasi vyote vilisomwa kama onyo. Hoja hii iliandikwa na washindi, ndiyo sababu mfalme wa mwisho wa nasaba mara nyingi huwa mlevi na mkatili. Zhou walimshtaki Di Xin kwamba alitelekeza matambiko, ilhali mifupa ya miaka ya mwisho ya Shang inaonyesha matambiko kwa wahenga yakifanywa kwa zamu iliyopangwa. Weka shtaka na mfupa kando kwa kando kila unapoweza.

Makosa mengine ni madogo. Kabla ya 221 K.K. andika “mfalme”, kwani cheo cha kaisari kilianza na Qin Shi Huang. Q isome ch, x isome sh, zh isome j. Yale matabaka 4, wasomi, wakulima, mafundi na wafanyabiashara, ni ngazi ya heshima vitabuni, si ya utajiri mitaani.

Majina ya makaisari hubadilika kwa zama. Wa Han tunawaita kwa jina la sifa la baada ya kufa, kama Wudi. Wa Tang, nasaba ya baadaye, kwa jina la hekalu la wahenga, kama Taizong. Karibu wote wa nasaba za Ming na Qing kwa jina la zama za utawala wao. Jizoeze kwa Zhu Di wa Ming, ambaye zama zake ni Yongle, mwaka wa kwanza 1403. Kumbukumbu za ikulu zinasema Malindi ilileta twiga mwaka wa 13 wa Yongle. Mwaka wa kuanzia nao unahesabiwa, kwa hiyo 1403 ongeza 13 toa 1: ni 1415. Twiga huyo alichukuliwa kuwa qilin, mnyama anayejitokeza Mbingu ikiridhika na mtawala, na Zhu Di, aliyemnyang'anya mpwa wake kiti kwa vita, alikuwa na haja kubwa na ishara hiyo.