Jibu: Kumwita mama kutoka Bukavu aje Marekani
Dada, umeuliza kama kadi yako ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) inatosha kumwita mama kutoka Kadutu, hapo Bukavu. Haitoshi. Lazima uwe raia wa Marekani mwenye miaka 21 au zaidi, ndipo ujaze fomu I-130, yaani ombi la kumleta ndugu wa familia.

Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa, na si cha mama, ni chako wewe, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kuwa yeye ni mama yako: jina la mama humo lilingane herufi kwa herufi na pasipoti yake. Kama hukuandikishwa utotoni, ndugu aliye Bukavu aombe jugement supplétif (hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa kusikoandikishwa) mahakamani, kisha aipeleke ofisi ya komine (serikali ya mtaa) ili cheti kitolewe. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza.

Tafadhali panga pesa za matibabu mapema. Mzee mgeni wa miaka 65 kwa kawaida husubiri miaka 5 ya ukaazi kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee.