Modeli au mchoro tu? Majibu kwa wasomaji

Nimechora ubaoni visanduku na mishale ya matatu za Likoni–Ukunda. Hiyo tayari ni modeli? (Msomaji, Likoni)

Bado ni mchoro. Ili uitwe modeli, lazima kuwe na metamodeli (modeli inayoeleza sheria za modeli nyingine) unayoitii, na utiifu huo uweze kukaguliwa na mashine.

Chukua metamodeli kama grafu ndogo, yaani visanduku (nodi) vilivyounganishwa kwa mishale: nodi Safari, nodi Gari, na mshale "hutumia" kutoka Safari kwenda Gari. Modeli ni grafu nyingine yenye safari s1 na s2 na gari g7. Kila nodi hupewa aina yake, na kila mshale aina yake. Kisha lipo sharti ambalo wengi hulisahau: mshale wa aina "hutumia" uanzie kwenye nodi ya aina Safari na uishie kwenye nodi ya aina Gari. Ukiugeuza, utiifu umevunjika hata kama ubaoni unapendeza. Idadi hufuata hapo: tukisema kila safari ina gari 1, s2 isiyo na mshale inakataliwa.

Grafu itazuia abiria kuzidi viti? (Kisauni)

Haitazuia. Mpe Gari sifa ya viti, Safari mshale wa abiria, kisha andika kanuni kwa OCL, lugha ya kuandika masharti ya modeli (`self` hapa ni safari yenyewe):

`self.abiria->size() <= self.gari.viti`

Gari la viti 14 likibeba 15, kanuni inakataa. Makanga atasema "songeni kidogo", kanuni haisongi. Mtego ni safari isiyo na gari: jibu haliwi kweli wala si kweli, huwa batili, maana umeuliza viti vya kitu kisichokuwepo. Kagua idadi kwanza.

Mwalimu anasema Gari ni M1, nyinyi mnaliita metamodeli. Nani kakosea? (Tudor)

Hakuna. Katika ngazi za OMG, shirika linaloweka viwango vya modeli, M0 ni vitu vyenyewe, M1 modeli, M2 metamodeli kama UML (lugha ya kuchora modeli za programu), na M3 ni MOF, lugha ya kufafanua metamodeli, ambayo hujieleza yenyewe, ndiyo maana ngazi hazipandi zaidi. Ukichora Gari kwa UML, ni klasi ya M1. Ukiifafanua kwa Ecore (lugha ya metamodeli ya EMF, zana ya Eclipse inayozalisha msimbo kutokana na modeli) kama lugha yako mwenyewe ya usafiri, Gari linakaa M2 na g7 inakuwa M1. "Metamodeli" ni uhusiano kati ya viwili, kama ushangazi: mtu si shangazi peke yake. Na tahadhari: g7 kwenye mchoro wa UML wa vitu bado ni M1, gari la M0 ni lile linalopiga honi pale kivukoni.

Nilirekebisha msimbo uliozalishwa na EMF, nikauzalisha upya, kazi yote ikapotea. (Changamwe)

Metodi yenye alama `@generated` huandikwa upya kila mara. Ibadilishe iwe `@generated NOT` kabla ya kugusa chochote. Sisi tungependelea uandike nyongeza zako kwenye klasi na folda tofauti, kwa sababu hiyo `NOT` ni rahisi mno kusahaulika.