Mnada wa magari ya kale: maswali yenu, majibu yetu

Wengi walioandika safari hii wako Marekani, ambako minada mikubwa ya magari ya kale huufungua mwaka kwa kishindo: Januari ni Scottsdale kule Arizona na Kissimmee kule Florida, na Agosti matajiri huhamia Monterey, California. Nimejibu maswali haya sita.

Nina dola 40,000 na roho yangu iko kwa Mustang ya 1967. Nyundo ikigonga kwenye 40,000, si nimemaliza? (Houston)

Hujamaliza, ndugu yangu, ndiyo kwanza umeanza. Juu ya dau lililoshinda, nyumba ya mnada humtoza mnunuzi ada yake, na katika minada mingi ya ukumbini ni asilimia 10 au zaidi. Gari lako la 40,000 limeshafika 44,000, na bado kodi ya jimbo, usajili na lori la kulibeba. Halafu kuna matengenezo. Gari la maonyesho mara nyingi limekaa miaka bila kutembea, na hapo mipira ya breki, mabomba ya mafuta na matairi huzeeka kimyakimya hata kama yanang'aa. Tairi lisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, kwa hiyo hilo ni pambo tu.

Piga hesabu kutoka nyuma. Toa usafiri, toa kodi, toa fundi, toa ada. Kinachobaki ndilo dau lako la mwisho. Kwa 40,000 mimi ningesimama kwenye 31,000. Na nenda na mtu asiyependa magari, mkeo kwa mfano, umkabidhi kile kibao cha kupigia dau.

"Halina bei ya chini" maana yake nini? Ni nafuu? (Minneapolis)

Magari mengi mnadani yana bei ya siri ambayo mwenyewe hakubali kushuka chini yake; dau lisipoifikia, gari linarudi nyumbani. Lisilo na bei hiyo linauzwa kwa dau la juu kabisa, liwe lolote. Huko Scottsdale, nyumba ya mnada ya Barrett-Jackson huuza sehemu kubwa ya magari yake kwa mtindo huo. Unafuu haupo, labda mapema asubuhi au siku za mwanzo ukumbi ukiwa na nafasi. Jioni ya Jumamosi, taa zinawaka, kamera za televisheni zinazunguka, watu wameshakunywa: hapo hakuna cha bure. Jaribu badala yake magari yaliyoshindwa kufika bei. Nenda kwenye meza ya mnada baada ya gari kuondolewa, uliza kama mwenyewe atazungumza. Muuzaji anayefikiria gharama ya kulirudisha gari kwao huwa msikivu.

Nimeona Chevelle SS ya 1970, nyekundu, inavutia mno. Nitajuaje ni SS ya kweli? (Columbus)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu SS (Super Sport), toleo la Chevelle lenye nguvu zaidi, ni shamba la waongo.

Chevelle SS396 (396 ni ukubwa wa injini) za 1966 hadi 1968 zilikuwa na mfululizo wao wenyewe, na namba ya chesisi huanza na 138. Ukiiona hiyo, pumua. Kuanzia 1969 Chevrolet waliigeuza SS kuwa kifurushi cha kuongezewa gari la kawaida, na namba ya chesisi haikisemi. Kibaya zaidi, kampuni haikutunza kumbukumbu za gari mojamoja kwa Chevrolet nyingi za soko la Marekani za miaka ile. Kwa hiyo mtu ananunua Chevelle ya kawaida, anaifunga injini kubwa, michirizi na nembo, na bei inapaa.

Ushahidi ni karatasi. Tafuta ile orodha ya kiwandani ya vifaa vya gari, ambayo wafanyakazi waliiacha juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti. Tafuta risiti ya duka lililouza gari jipya. Linganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ya chesisi, huku ukikumbuka kwamba wapo wanaogonga namba upya kwa ustadi. Bila karatasi, lipe bei ya Chevelle nzuri ya kawaida yenye injini kubwa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Wa Houston asome hapa pia. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna Marti Report, ripoti ya gari mojamoja inayotolewa kutoka kumbukumbu za kampuni yenyewe, na itakuambia Mustang yako ilitoka kiwandani na injini gani na rangi gani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kosa lenyewe.

Mnada wa mtandaoni unaaminika? Picha ni nyingi ajabu. (Birmingham, Uingereza)

Unaaminika kiasi cha muuzaji kuaminika. Picha 200 za rangi hazikuambii kitu kama hakuna picha za uvunguni, ndani ya buti chini ya kapeti na kwenye matao ya magurudumu, mahali kutu huzaliwa. Ziombe hadharani, akikataa, wote wanaona. Kama gari liko karibu na wewe, nenda na sumaku uliyoifunga kitambaa uipitishe chini ya milango: ikikataa kunata, chini ya rangi kuna fila, ile rojo ya kuzibia mashimo, na si bati.

Usihangaike kuvizia sekunde ya mwisho. Tovuti ya mnada ya Bring a Trailer, kwa mfano, huongeza dakika mbili kila dau jipya likiingia mwishoni.

Naweza kununua Marekani nilete Mombasa? (Likoni)

Kabla ya kitu kingine, kaka, jua mambo mawili. Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyozidi miaka minane, na usukani wa kushoto hauruhusiwi kwa gari la kawaida la barabarani. Zungumza na wakala wa forodha kabla hujapiga dau hata moja. Ukiniuliza mimi, tafuta hapohapo nyumbani. Peugeot 504 iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na spea bado zinapatikana kwa wazee wa gereji. Datsun 240Z, mshindi wa 1971 na 1973, ni adimu zaidi, na walionazo wanajua thamani yake: Januari 2020, ya 1971 ambayo haikuwahi kuchezewa ilifika dola 310,000 mtandaoni Marekani.

Nimeshinda! Ninaondoka na gari lini? (Dallas)

Hongera, dada. Pesa zikishaingia na hati ya umiliki ikiwa imekaguliwa kwamba namba zake ni zilezile za kwenye gari. Bima lakini ianze sasa hivi. Kwenye minada mingi gari huwa lako nyundo inapogonga, likigongwa kwenye maegesho saa moja baadaye hasara ni yako.