Jibu: Kabonidayoksaidi inapanda wakati wa upasuaji wa matundu madogo

Umeuliza kwa nini kabonidayoksaidi ya pumzi ya mgonjwa ilitulia kwenye 42 (milimita za zebaki), kisha ikapanda hadi 58, wakati mashine ya kupumulia haijaguswa. Gesi inayojazwa tumboni ili mpasuaji aone ni kabonidayoksaidi yenyewe, nayo huingia kwenye damu, kwa hiyo kipimo hupanda kwa dakika 15 hadi 30 kisha hutulia. Hilo ni la kawaida. Ongeza idadi ya pumzi kuliko ukubwa wa pumzi, maana tumbo lililojaa tayari linabana mapafu.

Kupanda upya baada ya kutulia ndiko kwa kutisha. Angalia kwanza kama hewa anayovuta ina kabonidayoksaidi; ikiwepo, chokaa ya mashine, ile inayonyonya kabonidayoksaidi, huenda imechoka. Kisha papasa kifua na shingo. Ukihisi mchakacho chini ya ngozi, gesi imepenya huko, mara nyingi kwa trokari (bomba la kupitishia gesi na vifaa) iliyochomoka kidogo. Mpasuaji ashushe shinikizo la gesi tumboni kutoka 15 hadi 10, au aitoe gesi yote kwa muda. Pima joto pia, maana likipanda nalo, huenda mwili wenyewe unatengeneza kabonidayoksaidi kupita kiasi. Na tafadhali, usiharakishe kutoa mpira wa kupumulia ulio kooni kabla kipimo hakijarudi karibu na 45.

Kipimo kikishuka ghafla pamoja na presha ya damu, fikiria gesi imeingia ndani ya mshipa wa damu: gesi izimwe papo hapo.