Kampuni za Simu za Miji Midogo Zilitoka Wapi?

SWALI: Nimesoma kwamba nchini Marekani hata mji wenye watu mia chache uliwahi kuwa na kampuni yake ya simu. Iliwezekanaje, ilhali kampuni ya Bell ilikuwa na nguvu nyingi, na kampuni hizo ziliishia wapi?

JIBU: Nguvu ya Bell ilitokana na hataza (haki ya pekee ya kutumia uvumbuzi) ya mwaka 1876, na muda wake ulipokwisha mwaka 1893, mtu yeyote aliruhusiwa kutengeneza simu na kuiuza. Bell ilikuwa imeelekeza macho mijini, kwa kuwa kuvuta waya hadi kwenye mashamba yaliyotawanyika hakukuwa na faida. Basi wakulima, madaktari na wenye maduka walichangishana fedha, wakasimamisha nguzo wenyewe, na mahali pengine wakatumia hata seng'enge ya ua wa shamba badala ya waya wa simu, mbinu iliyofaa hadi mvua iliponyesha.

Kwa maoni yangu, uhai wa kampuni hizo ulikuwa kwa opereta, ambaye mara nyingi alifanyia kazi nyumbani kwake. Mteja alizungusha mkono wa simu, naye opereta akachomeka waya wa kumuunganisha na amtakaye. Akijua daktari yuko kwa mgonjwa gani, alimtafuta huko huko. Familia kadhaa zilitumia laini moja, kila moja ikiwa na mlio wake, na majirani (tuseme ukweli) walisikiliza.

Aliyeanza kumwondoa opereta alikuwa Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City, ambaye inasimuliwa kwamba alishuku simu za wateja wake zilipelekwa kwa mshindani. Mtambo wake wa kujiendesha ulifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892.

Mwaka 1913 AT&T, kampuni mama ya Bell, iliiahidi serikali kwamba ingeruhusu kampuni huru, yaani zisizo za Bell, zitumie laini zake za masafa marefu, na kuanzia mwaka 1949 mikopo ya serikali ikaziwezesha kampuni za vijijini kununua mitambo mipya. Hata hivyo, Bryant Pond, katika jimbo la Maine, iliendelea na simu za kuzungusha kwa mkono hadi mwaka 1983, na baadhi ya wakazi walipinga vikali zilipoondolewa. Kampuni nyingi zilinunuliwa na kubwa zaidi. Zilizobaki leo huuza pia intaneti katika maeneo yale yale ambayo Bell iliyapuuza.